Ugonjwa Wenye Majina Mengi

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumapili jioni

Mwanangu Aichi,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako amesinzia uani kwenye kiti chake. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu. Kesho treni inakuchukua kwenda Mwanza, na najijua: tukifika stesheni nitaanza habari za chandarua na maji ya kuchemsha, kwa sababu ndivyo akina mama tunavyosema tunaposhindwa kusema jingine. Hayo unayajua. Siyaandiki hapa.

Juzi uliponisomea barua ya mkuu wako mpya, sauti yako ilipanda ulipofika pale anaposema utakabidhiwa chumba cha kumbukumbu za utafiti, taarifa zote za ziwa na samaki na maradhi ya watu wa mwambao, na kwamba kazi yako ya kwanza itakuwa kuzipangia maneno ili watafiti wazipate upesi. Mimi nilinyamaza. Ukaniuliza, "Mama, hufurahi?" Nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nimemkumbuka Tatu.

Ule mwaka wa njaa wewe ulikuwa Marangu kwa bibi yako. Uliporudi ulimkuta baba yako haendi kazini tena, na chumba cha jirani kina wapangaji wengine. Ukauliza, tukakwambia waliugua. Ukauliza tena, nikakujibu kwa ukali kwamba utaambiwa ukikua. Umekua. Na kazi unayoiendea ndiyo ile ile niliyokuwa nikiifanya walipokuwa wanaugua, kwa hiyo siwezi kukuacha uondoke bila kukusimulia.

Ofisini kwetu, kwenye kitengo cha kumbukumbu za maradhi, tulikuwa na kadi. Zahanati za mjini zilituletea taarifa za wagonjwa, mimi nazisoma, na kila mgonjwa namwandikia kadi yake. Kadi zenyewe zilikuwa na matundu kuzunguka ukingo, na kila tundu lilikuwa na neno lake: homa, kuhara, ganzi, degedege, macho. Neno likimhusu mgonjwa, nalikata tundu lake mpaka ukingoni, likawa kama pengo la jino. Daktari akitaka wagonjwa wa namna fulani, nazikusanya kadi pamoja, napitisha sindano ndefu ya kufumia sweta kwenye tundu la neno hilo, nainua, natikisa. Zenye pengo zinadondoka mezani. Ndizo hizo.

Nilikuwa hodari, na nilijijua. Watafiti walikuja na maswali yaliyopindapinda: nipatie wenye ganzi ya miguu, lakini wasiwe na kisukari, wasiwe walevi, wawe wa bonde la Msimbazi. Napitisha sindano mara hii, narudisha, napitisha tena kwa neno jingine, wanabaki wanashangaa. Taratibu nikaanza kuamini jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: kwamba kisichodondoka hakipo.

Sasa nikwambie habari ya unga. Duka la kaya, la mgao wa serikali, lilikuwa tupu. Unapanga foleni alfajiri, na ikifika zamu yako unaambiwa kuna viberiti tu. Mama Tatu wa chumba cha jirani ndiye aliyeniletea habari, amesimama mlangoni na kapu tupu mkononi. "Mama Aichi, kuna unga Jangwani kwa fundi wa mashine. Mweupe kama pamba. Ila usiulize umetoka wapi." Nilijitupia khanga nikamfuata. Mtaa mzima ulikwenda, na wa Ilala nao walikuja. Unga ulikuwa na harufu kidogo, kama ya stoo iliyofungwa siku nyingi, lakini ukishasonga ugali huisikii. Sikuombi msamaha kwa kuununua. Tulikuwa na njaa, na mwenye njaa akipata unga anapika.

Mimi mchana nilikula kantini ya ofisini, chai na muhogo. Baba yako alirudi nyumbani kula, na kwa kuwa alikuwa amekonda nilimwekea tonge kubwa kuliko langu.

Alianza kwa kuangusha kikombe. Tukacheka. Halafu ikawa kalamu. Unajua alikuwa mchora ramani, na mkono wake ulisifiwa: alikuwa anavuta mstari bila rula na huwezi kuutofautisha na uliopigwa kwa rula. Siku moja mkubwa wake aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akamwambia aende nyumbani mpaka pombe imtoke. Baba yako! Hata mbege ya ukweni alikuwa anaigusa kwa midomo tu ili wazee wasiudhike. Alirudi kwa miguu kutoka ofisini, anayumba, na vijana wa kwenye kona walimpigia miluzi.

Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye foleni ndefu nje ya mlango.

"Mkono una ganzi?"

"Si ganzi," baba yako akasema.

"Unachoma? Unawasha? Wa baridi?"

"Hapana, daktari. Ni kama mkono upo, lakini haujafika."

Daktari alingoja kidogo, kalamu juu ya karatasi. Neno hilo hakuwa na mahali pa kuliandika. Akaandika *kiharusi*, akatia alama ya kuuliza, akaita mwingine.

Basi mimi, mke wa mgonjwa, nikaenda ofisini kutafuta kiharusi. Nikapitisha sindano, zikadondoka kadi za wazee wenye shinikizo la damu. Nikatoa wazee. Nikaongeza mikono. Nikaongeza macho, kwa sababu alikuwa ameanza kugonga vizingiti vya milango. Kila nilipoongeza neno kadi zilipungua, mpaka mwisho nikainua sindano na haikudondoka hata moja. Nikarudi nyumbani nikamwambia, "Hakuna mwingine kama wewe mjini hapa." Nilidhani namfariji.

Na wakati huo huo, ng'ambo ya ukuta wetu, Tatu alikuwa anaanguka anapocheza rede. Mama yake alisema binti kapandwa na shetani, akampeleka kwa mganga, kisha zahanati. Zahanati wakaandika *degedege*. Kadi hiyo ilipita mikononi mwangu. Msichana, Mtaa wa Sikukuu, degedege. Nilikata tundu la degedege, nikaiweka kwenye kasha. Alikuwa rafiki yako, alikuwa anakunywa uji kwenye vikombe vyetu, na mimi nilikata tundu nikaendelea na kadi iliyofuata. Iliyofuata, kama sikosei, ilikuwa ya mpagazi wa sokoni aliyeandikwa *ulevi*. Nyingine ilikuwa ya mama wa Ilala, *macho, apewe miwani*. Kila mmoja aliingia kwenye neno lake, na maneno hayakujuana.

Siku moja mchana nilimkalia baba yako na maneno mapya niliyoyatoa kwenye kitabu cha kazini. Je, ni kufa ganzi? Ni kuchomwachomwa? Ni kulegea? Aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Mke wangu, acha maneno! Sina neno. Nipe penseli."

Aliishika kwa ngumi, kama mtoto. Akachora mtu. Mtu huyo alikuwa amepinda, na najua iliumiza moyo wake kuuona mstari ule umetoka mkononi mwake. Kisha akaanza kumpaka weusi: viganja vyote viwili, mpaka kwenye kifundo, kama glovu. Nyayo, kama soksi. Na kuzunguka mdomo. Pembeni akachora jicho kubwa, akalijaza weusi lote, akabakiza katikati nafasi nyeupe ya kuingia punje ya mtama.

"Naona hapo tu," akasema. "Kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

Nilitazama ule weusi wa mdomoni, na ulimi wangu ukapita kwenye mdomo wangu mwenyewe. Ulikuwa umekufa ganzi siku kadhaa. Nilidhani ni chumvi ya kantini. Halafu nikamsikia Mama Tatu, kama yuko pale, alivyoniambia wiki iliyotangulia: "Anajifutafuta mdomo huyu mtoto, utadhani ana utando wa buibui." Utando wa buibui. Mkono ambao haujafika. Kwenye kadi zangu hayo hayana undugu. Kwenye karatasi yalikuwa mahali pale pale.

Baba yako alikuwa na karatasi za kunakilia, zile nyembamba ambazo ukizishika unaona upande wa pili. Nikachukua mchoro wake nikanakili umbo la mtu tupu, bila weusi, karatasi baada ya karatasi. Nikaenda mlango wa pili. "Hodi."

Tatu alikuwa amelala mkekani. Nikamwonyesha lile umbo. "Tatu mama, huyu ni wewe. Nionyeshe pale ambapo mwili si wako." Hakuweza kushika penseli, akawa ananyooshea kidole kinachotetemeka, mimi napaka. Viganja. Nyayo. Mdomo. Tulipomaliza akaniuliza, "Mama Aichi, Aichi anarudi lini?"

"Karibu tu."

"Mwambie kamba yake ya kuruka ninayo."

Sikukwambia. Ndiyo nakwambia leo.

Nilikwenda kwa yule mpagazi aliyeitwa mlevi. Nilikwenda Ilala kwa mama wa miwani. Watu wengine nilielekezwa na majirani zao, na hao hata zahanati hawakufika. Kila mmoja alikuwa na lugha yake: mmoja alisema anatembea juu ya sufi, mwingine alisema amevaa mikono ya mtu. Sikuandika maneno yao. Niliwapa karatasi, wakapaka, nikashukuru, nikaondoka.

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa Daktari Mhina, mtu wa haki ila mwoga wa wakubwa. Alizipekua karatasi zile, moja baada ya nyingine, kama anayehesabu nguo za dobi.

"Mama Aichi, hii ni michoro. Wizarani wakiniuliza ni ugonjwa gani, niwajibu ni mchoro?"

"Njoo dirishani, daktari. Shika hapa juu."

Akashika. Nikaweka karatasi ya kwanza kwenye kioo, juu yake ya pili, juu yake ya tatu, nikazipanga kichwa juu ya kichwa. Jua la asubuhi lilikuwa upande ule. Vidoa ambavyo mtu mmoja alikuwa navyo peke yake, goti bovu, mgongo wa mpagazi, vilififia vikawa kivuli. Vile ambavyo wote walikuwa navyo vilizidi kukolea kila nilipoongeza karatasi, mpaka akasimama mtu mmoja pale dirishani, mweusi viganja, mweusi nyayo, mweusi mdomo.

Daktari Mhina aliinamia kioo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani?"

"Ni wote hao."

"Hii ni sumu," akasema. "Hawa watu wamekula kitu kimoja."

Hilo alilijua yeye, kwa usomi wake, na namshukuru. Mimi nilikuwa nimeleta mtu, yeye ndiye aliyemtambua. Tukaja hapa nyumbani, kwenye meza hii ninayoandikia, tukatandika ramani ya mji ya baba yako. Kwa kila nyumba ya mgonjwa tukaweka harage. Maharage yalijazana mtaani kwetu, machache yakaenda Ilala hadi karibu na Mchikichini, mengine yakashuka kuelekea bondeni. Daktari akauliza wanakutana wapi watu hawa, kazi zao mbalimbali, makabila yao mbalimbali. Mimi nikatazama chini. Kapu la unga lilikuwa chini ya meza, linagusa mguu wangu.

Tulikwenda Jangwani na bwana afya. Fundi wa mashine alinisalimia kwa Kichagga. Alikuwa wa kwetu, kilima cha pili tu kutoka kwa bibi yako. Hakuficha kitu. Nyuma ya kibanda kulikuwa na magunia ya mahindi ya mbegu, yale ya kupandia, yaliyopakwa dawa na kutiwa rangi nyekundu ili watu wasiyale. Na pipa la maji. Na mfereji mwekundu unaoelekea bondeni.

"Tunayaosha, dada," akasema. "Yanaoshwa mara mbili. Rangi yote inatoka."

"Rangi inatoka. Na dawa?"

"Dawa si ya wadudu? Watu watafanywa nini na dawa ya wadudu?"

Mlangoni wanawe walikuwa wanakula ugali wa unga ule ule. Mkubwa alikuwa anamlisha mdogo, kwa sababu mdogo mkono wake ulikuwa hauikuti sahani. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumtupia mtu, nikakosa wa kumtupia. Aliyemletea magunia hakuonekana tena, na jina alilokuwa amempa fundi halikuwa jina la mtu yeyote.

Unga ulizuiwa. Gari la manispaa lilipita likitangaza. Lakini sumu ikishaingia mwilini haisikii tangazo. Niliporudi kutoka Jangwani nilisikia kilio kabla sijaingia mtaani, na nilijua kinatoka mlango gani.

Baada ya matanga Mama Tatu alikuja akakaa pale jikoni kwetu. Alikuwa ameambiwa na watu. "Ofisini kwako ulikuwa na karatasi ya mwanangu?"

"Nilikuwa nayo."

"Ilisemaje?"

"Degedege."

Akafikiri sana. "Mwanangu hakupata degedege hata siku moja," akasema. Hakunilaumu zaidi ya hapo. Mwezi ule akarudi kwao Lindi, na sijui kama yu hai.

Usije ukadhani niligeuka mwenye hekima baada ya hapo. Nilianza kuipenda michoro kama nilivyokuwa nimezipenda sindano. Kuhara kulipoingia mjini nilitandika ramani, nikaweka maharage, yakajazana kuzunguka kisima cha bibi mmoja aliyekuwa akiuza maji kwa ndoo. Nikapiga mbio kwa bwana afya. Kisima kikafukiwa. Baadaye tukagundua maji yake yalikuwa salama; maharage yalijazana pale kwa sababu nyumba zilijazana pale. Ningeweka harage na kwa wazima, ningeona. Bibi yule alikuwa anakaa kando ya udongo ule mpya, mikono mapajani, na kila nilipopita alinisalimia kwa heshima, jambo ambalo lilinishinda kuliko matusi. Picha nayo inaweza kukudanganya, Aichi. Tofauti niliyoiona ni kwamba picha unaweza kumwonyesha mtu mwingine, naye akakwambia hapa umekosea. Sindano nilikuwa naielewa peke yangu.

Taarifa ya unga iliandikwa, ikapigwa chapa. Wakubwa wakaamua ni habari ya mbegu, kwa hiyo ikawekwa chini ya neno *kilimo*. Michoro haikuingia kwenye kasha lolote. Niliisokota nikaiweka juu ya kabati la ofisini.

Miaka ikapita. Siku moja kantini nilimkuta mtafiti kijana kutoka mkoani, amekaa na chai iliyopoa. Alikuwa ametumwa kutafuta kama kumewahi kutokea ugonjwa kama wa kwao. Alikuwa ametafuta kwa ganzi, kwa kupooza, kwa upofu, kwa yote pamoja na kwa kila moja peke yake. Hakikudondoka kitu. "Kwetu wanasema miguu imekwenda sokoni bila wao," akaniambia, akajaribu kucheka. "Neno hilo utalitafuta wapi?"

Nikamwambia aache chai yake anifuate ofisini, nikapanda kiti, nikateremsha ule msokoto. Nikauweka kwenye kioo. Alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu pale kwenye mdomo wa yule mtu.

"Huyu ni dada yangu," akasema.

Nilipomsimulia habari ya mahindi yale ya mbegu, aliondoka siku ile ile, bila kuaga ofisini. Barua yake ilikuja baadaye: walikuwa bado wanakula mahindi ya mbegu kama yale. Wengi waliacha, wakapona kiasi cha kupona. Dada yake hakuwahiwa. Taarifa yetu ilikuwepo muda wote huo, Aichi, hatua chache kutoka mahali kijana yule alipokuwa ameinamia sindano, chini ya neno ambalo mtu anayeugua hawezi kulifikiria.

Kwa hiyo wakikukabidhi kile chumba, wapangie maneno yao, ndiyo kazi yako na ni kazi nzuri. Ila zitandaze kwanza karatasi zenyewe sakafuni uzitazame kabla hujazipa majina. Na akija mtu ambaye neno limemkataa, usimsaidie upesi kwa neno lako.

Nasikia baba yako anajikohoza uani, ameamka. Ana jambo la kesho ambalo hatakwambia mwenyewe, ndiyo maana naliandika mimi. Anataka kuja stesheni. Atataka kukushika uso ili akuone, maana kwa kile kitundu kilichobaki hawezi kukupata wote kwa mara moja. Viganja vyake navyo, unajua, havifiki vizuri. Itamchukua muda, na watu watakuwa wanasukumana, na treni itapiga honi. Usimwambie, "Baba, inatosha." Simama tu, mwanangu, mpaka amalize.

Ni mimi mama yako,
ambaye mdomo wake haujaamka bado upande mmoja, lakini unakuombea.